Tani 15 au tani 78? Kisa cha kumchora mjusi wa Tendaguru

Mwaka jana niliagizwa bango la ukutani. Mteja alimtaka mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi ambaye mifupa yake iko Berlin, akiwa mzima, na nyama na ngozi yake, pembeni mtu amesimama ili kimo kilinganishwe, na chini kibao chenye mambo manne: jina, urefu, kimo, uzito. Tulipatana bei kwa simu. Jina, urefu na kimo nilivipata jioni ileile. Uzito ulinila wiki tatu.

Nilichokutana nacho ni hiki, kwa kufuata miaka ya kuchapishwa. 1962: tani 78. 1980: karibu tani 15. 1985: tani 29, na mwaka huohuo, kwa mkono mwingine, tani 46.6. 1988: tani 32 hivi. 1995: tani 74. 2008: tani 38. 2009: tani 23. 2012: tani 23 tena. Mnyama ni mmoja. Kati ya namba ya juu kabisa na ya chini kabisa kuna zaidi ya tani 60, yaani madume kumi ya tembo wamepotelea katikati na hakuna aliyewaona wakiondoka.

Mimi ni mchoraji wa wanyama, kwa penseli kwanza, kisha kwa kompyuta. Wengi ninaowachora ni hai. Ukimchora tembo ukakosea tumbo, dereva yeyote wa basi anayepita barabara ya Mikumi atakwambia huyo si tembo. Aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita hana dereva wa kumsemea. Ndiyo maana nikaona nisichague namba moja kwa kupiga kura, bali nifuatilie kila namba ilitoka wapi. Nilichogundua ni kwamba kila namba ni picha. Nyuma ya kila tani kuna mtu aliyechora mstari wa tumbo.

Kabla ya tumbo, neno lenyewe. Sisi tunamwita mjusi. Hata bungeni, swali la lini mjusi wetu atarudi kutoka Ujerumani limeulizwa zaidi ya mara moja, na halijawahi kuhitaji maelezo ya mjusi yupi. Jina la kitaalamu ni Giraffatitan brancai, na hadi miaka ya karibuni vitabu vingi vilimwita Brachiosaurus brancai. Tatizo la kumwita mjusi si heshima. Tatizo ni miguu. Mjusi wa ukutani hutanua miguu pembeni, kiwiko nje, tumbo karibu na chini. Dinosaria huyu alisimama kama meza, miguu chini ya mwili. Kosa hilo halikuwa letu peke yetu: mwaka 1909 mtaalamu wa wanyama wa Berlin, Gustav Tornier, alimchora jamaa yake, Diplodocus, akitambaa kama mamba, na Mmarekani William Holland akamjibu kwa kejeli kwamba kwa mkao huo kifua kingehitaji mfereji wa kupitia. Hata mifupa ya Tendaguru iliposimamishwa Berlin mwaka 1937, miguu ya mbele iliachwa na viwiko vilivyopinda kwenda nje. Ilinyooshwa pale mifupa yote iliposhushwa na kupangwa upya, kazi iliyokamilika mwaka 2007. Sasa amesimama mita 13.27, na mkia hauburuzi tena sakafuni.

Mifupa yenyewe ilitoka kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, aliikuta ikiwa imetokeza juu ya ardhi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Hao ndio wanaotajwa kwanza. Waliochimba walikuwa watu wa Kusini, karibu 500 kazi ilipopamba moto, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jicho lake la kutambua mfupa ndani ya udongo liliaminiwa na wageni wote. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina lake: Australodocus bohetii. Mifupa ilifungwa kwa plasta na mianzi, ikabebwa na wapagazi, mwendo wa siku nne hadi Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 za visukuku ziliondoka hivyo. Nikiwa natafuta uzito wa mnyama, nilijikuta nikifikiria sana uzito wa mzigo.

Mchoraji anapaswa kujua jambo moja kuhusu mifupa ile: si ya mnyama mmoja. Msingi ni mnyama aliyepewa namba SII, aliyepatikana katika shimo lililoitwa S. Fuvu limeigwa kutoka kwa mwingine. Mkia ni wa mwingine tena. Sehemu zilizokosekana zilifinyangwa. Pingili za shingo na za mgongo zilizoko juu ni za plasta, kwa kuwa zile halisi ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa hewani. Kwa hiyo hata kabla sijashika kalamu, tayari nilikuwa natazama mchoro wa mtu mwingine, ila umechorwa kwa chuma na plasta. Nasema hivi bila kubeza. Janensch alifanya kazi ya miongo mingi, akapima na kuchora mfupa mmoja mmoja, na vipimo vyake ndivyo tunavyokula hadi leo. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele: sentimita 213. Paja: sentimita 196. Mguu wa mbele kuwa mrefu kuliko wa nyuma ndiko kunakompa ule mgongo wa kuteremka, kama wa fisi au wa twiga.

Sasa tani.

Edwin Colbert, mtaalamu wa visukuku wa New York, mwaka 1962, alichukua sanamu ndogo ya mnyama, akaizika kwenye mchanga, akapima mchanga uliosogezwa. Ujazo huo ukakuzwa hadi ukubwa halisi. Njia ni safi, mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya kwa ndoo. Kasoro haiko kwenye mchanga. Ukiwa na sanamu ya uwiano wa 1 kwa 40, ujazo wake unazidishwa mara 64,000. Kidonge kimoja cha udongo, ukubwa wa punje chache za maharage, sentimita moja ya ujazo, kikibandikwa ubavuni mwa sanamu kinageuka lita 64 za nyama kwa mnyama halisi. Mfinyanzi aliyeona kwamba dinosaria anapendeza akiwa mnene ameshaongeza tani nyingi kabla mwanasayansi hajafungua daftari. Ndivyo ilivyopatikana 78. McNeill Alexander wa Leeds, mwaka 1985, alitumia maji badala ya mchanga, na sanamu ya plastiki iliyokuwa ikiuzwa na jumba la makumbusho la London. Sanamu nyingine, mkono mwingine: 46.6. Namba hizi mbili hazipingani kuhusu mnyama. Zinapingana kuhusu sanamu.

Wengine waliona heri kuacha tumbo kabisa na kupima miguu. Hoja yao ni kwamba mguu hujengwa kwa mzigo unaobeba, kwa hiyo pima mzingo wa mifupa mikubwa, ulinganishe na wanyama hai ambao uzito wao unajulikana. Mwaka 1980 Dale Russell na wenzake walipata tani 14.9. Mwaka 1985 kanuni iliyoboreshwa, iliyojengwa juu ya mamalia wa kila ukubwa hadi tembo, ikatoa 29. Hii unaweza kuikokotoa mwenyewe: jumlisha mzingo wa mfupa wa juu wa mguu wa mbele na wa paja, milimita 654 na 730, jumla 1,384, ipandishe kipeo cha 2.73, zidisha kwa 0.078, unapata gramu milioni 29 na ushee. Mwaka 2012 Nicolás Campione na David Evans walitoa kanuni mpya yenye wanyama wengi zaidi, wakiwemo reptilia. Niliijaribu kwa mzingo uleule, nikapata tani 34 hivi, na kanuni yenyewe hukosea kwa wastani wa robo ya uzito. Inasaidia kujua uko mtaa gani. Kumvika ngozi haikusaidii, maana haikuambii hizo tani 34 ziko kifuani, shingoni au mkiani.

Tukija mwaka 1995, tunafika kwenye sehemu iliyonifanya niandike kisa hiki.

Hanns-Christian Gunga, mtaalamu wa fiziolojia wa Berlin, na wenzake walimpima mnyama papo hapo ukumbini kwa leza na kwa picha za jozi zinazotoa umbali. Miaka ile skana ya leza haikuwa kitu cha kukutwa kila mahali. Mifupa ikaingia kwenye kompyuta kwa usahihi ambao Colbert na ndoo yake ya mchanga asingeuota. Wakavika mwili. Jibu: tani 74.4.

Yaani baada ya miaka 33, kifaa cha kisasa kuliko vyote kilirudi karibu kabisa na jibu la ndoo ya mchanga.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilijiambia basi, Colbert alikuwa sahihi. Leza haina sababu ya kumpendelea mtu. Lakini leza ilipima mifupa tu. Nyama iliongezwa na watu, na iliongezwa kwa maumbo mepesi ya kijiometri yenye mkato wa duara, mfano wa pipa au pia. Tatizo ni kwamba wanyama wengi wa miguu minne hawana kifua cha pipa. Mtazame ng'ombe kwa mbele: kifua ni kirefu kwenda chini na chembamba kwa upana. Twiga zaidi. Ukichukua kimo cha kifua ukakifanya kipenyo cha duara, umemnenepesha mnyama kwa pande zote mbili bila kuugusa mfupa hata mmoja.

Nitoe mfano kwa namba zangu za kubuni, za kuonyesha hesabu tu. Chukua kifua chenye kimo cha mita 2.5. Kama mkato wake ni duara, eneo ni mita za mraba 4.9. Kama ni duaradufu yenye upana wa mita 1.7, eneo ni 3.3. Kiwiliwili cha urefu wa mita 4 kinakupa tofauti ya mita za ujazo 6 na zaidi, ambazo ni tani tano au sita. Ndovu mzima amezaliwa kutokana na uamuzi wa kutumia duara. Na hapo hatujagusa shingo wala mkia, navyo vilipewa maumbo yaleyale.

Jambo hili liliniuma kwa sababu ndilo kosa langu la kila siku. Unapoanza kuchonga mnyama kwenye kompyuta, programu inakupa tufe na silinda. Unaziunganisha, unavuta, unasukuma, na usipokuwa mwangalifu mnyama anabaki na ukoo wa silinda hadi mwisho. Wanafunzi wanaonionyesha kazi zao, namjua aliyeanza na silinda kwa kumtazama swala wake kwa mbele tu. Kwa ubavuni wote wanapendeza. Mwambie akugeuzie modeli, uone mtungi wenye miguu.

Sifa moja niwape Gunga na wenzake: walirudi. Mwaka 2008 walichapisha upya, mnyama yuleyule, safari hii ngozi ikiwa imejengwa kwa nyuso zinazofuata umbo la mifupa. Ujazo ulitoka mita za ujazo 47.9, na uzito tani 38. Karibu nusu ya mnyama wao ilitoweka, na mifupa haikubadilika. Si kila mtu ana moyo wa kujipunguzia tani 36 hadharani.

Miaka ishirini kabla, mchoraji alikuwa amefika jirani na hapo kwa udongo na penseli. Gregory Paul ni mchoraji wa dinosaria, na mwaka 1988 ndiye aliyelitoa jina Giraffatitan. Alianza kwa kuchora mifupa yote kwa ubavu, akaizungushia misuli kwa rangi nyeusi, kisha akafinyanga sanamu yake mwenyewe kwa kufuata mchoro huo. Akapata tani 32 hivi. Tofauti kati yake na sanamu za Colbert na Alexander ni kwamba alichora kwanza. Sanamu za dukani zilifinyangwa ziuzwe. Ya kwake ilifinyangwa ikiwa imefungwa kwenye mchoro wa mifupa, na kila mahali mfupa unapokaribia ngozi, kama nyongani, magotini na juu ya mgongo, udongo haukuwa na nafasi ya kuzidi.

Mwaka 2009 mtafiti wa dinosaria Mike Taylor alimpima tena, katika makala ileile iliyoonyesha tofauti 26 za mifupa kati ya mnyama wa Tendaguru na Brachiosaurus wa Marekani, na kumpa jina lake haki ya kusimama peke yake. Njia yake ingefurahisha fundi cherehani: mchoro wa ubavu, mchoro wa juu, unamkatakata mnyama vipande kama mkate, kila kipande ni duaradufu ambayo kimo chake unakisoma kwenye mchoro mmoja na upana kwenye mwingine. Jumlisha vipande. Alipata lita 29,171. Hakuna leza hapo.

Lita si kilo, na hapa kuna jambo wachoraji hulisahau kwa vile halionekani. Pingili za shingo za mnyama huyu zina mashimo na vyumba, kama mfupa wa kuku ukiuvunja. Janensch mwenyewe aliandika kuhusu hewa ndani ya pingili za Tendaguru mwaka 1947. Kwa ndege wa leo, hewa hiyo ni sehemu ya mifuko inayotoka kwenye mapafu na kuenea mwilini. Kwa hiyo mnyama hawezi kuhesabiwa kama debe la maji, kilo moja kwa kila lita. Taylor alitumia kilo 0.8 kwa lita, sawa na kundi la Gunga mwaka 2008, ndipo 29,171 ikawa tani 23.3. Angetumia kilo moja angepata 29. Tani sita za hewa, na kwenye mchoro hazionekani hata kidogo.

Kisha mwaka 2012 William Sellers wa Manchester na wenzake wakauliza swali ambalo kwangu ni zuri kuliko yote: je, tunaweza kumvika mnyama bila kumruhusu mchoraji? Walichukua mifupa ya mamalia wakubwa 14, wanyama wa leo ambao uzito wao unajulikana, wakaiskani, kisha kompyuta ikaifunga kila sehemu ya mwili kwa ngozi iliyokazwa kabisa. Fikiria mifupa imefungwa khanga ikavutwa hadi hakuna mkunjo. Halafu wakalinganisha na uzito wa kweli. Wanyama hai walizidi uzito wa khanga kwa asilimia 21. Basi wakamfunga khanga mnyama wa Berlin, wakazidisha kwa 1.21, wakapata tani 23.2.

Nililijaribu hilo kwangu. Blender, programu ya bure ninayotumia, ina amri ya kufunga khanga ya namna hiyo, na ina kifaa kidogo cha watu wa uchapaji wa 3D ambacho hukutajia ujazo wa umbo lolote lililozibwa vizuri. Nilijenga mifupa mepesi kwa vipimo vya Janensch, nikaikata kiwiliwili, shingo, mkia na miguu, nikafunga kila kipande. Nikaweka khanga hiyo kama kivuli ndani ya modeli yangu ya nyama. Ndipo nikaona aibu yangu. Modeli yangu ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeichora kwa raha na kuipenda, ilikuwa nzito kuliko hata ya 2008. Tumbo lilining'inia nyuma ya mbavu kama la ng'ombe aliyetoka malishoni. Mapaja yalikuwa ya mcheza mieleka. Nilimpunguza mara tatu, na kila mara nikidhani nimemkondesha kupita kiasi. Alipofika kati ya Taylor na Gunga nikasimama, nikamwacha alale.

Hata hivyo sikubaliani kabisa na khanga. Asilimia 21 ilitoka kwa mamalia, na huyu si mamalia. Mkia wa mamalia ni kamba; mkia wa dinosaria ndiko uliko msuli mkubwa wa kuvuta paja nyuma, kama wa mamba, na mkia mwembamba wa mifupa unaweza kubeba nyama nyingi kuliko khanga inavyokisia. Upande wa shingo mambo yanaweza kuwa kinyume. Tena ziko nyama ambazo mfupa haukudokezi hata kidogo. Ng'ombe wetu wana nundu, na ukipewa mifupa ya ng'ombe mtupu bila kuwahi kumwona, nundu ile hungeichora. Mkonga wa tembo hauna mfupa. Fuvu linakuachia tundu kubwa usoni, ujue mwenyewe la kulifanyia. Pembe ya kifaru si mfupa. Nikiwafundisha vijana huwa nawapa fuvu la kiboko wamchore mwenye fuvu, kabla sijawaambia ni nani. Nimewahi kuletewa dubwana lenye meno ya nje, jembamba la uso kama mbwa, na hakuna aliyecheka kwa kuwa kila mmoja alijua la kwake nalo halifanani.

Kwa hiyo kati ya 23 na 38 sikuona mwongo. Naona watu wawili waaminifu wenye matumbo mawili tofauti. Nje ya hapo, 78 na 74 nazitupa bila huruma kwa sababu ya sanamu na mapipa, na 15 naitupa kwa sababu haiachi nafasi ya utumbo wa mnyama aliyekula majani kutwa.

Mengine kwenye bango yalikwenda haraka. Matundu ya pua sikuyaweka juu ya utosi, ingawa fuvu lina uwazi mkubwa huko juu na michoro ya zamani ilipenda kumzamisha ziwani akipumua kwa utosi kama mzamiaji. Mwaka 1951 mwanasayansi Kermack alieleza kwamba kwa kina hicho shinikizo la maji lingekibana kifua asiweze kuvuta hewa, na mwaka 2001 Lawrence Witmer, kwa kulinganisha na wanyama hai, aliyashusha matundu hadi karibu na mdomo. Nimeyaweka karibu na mdomo. Shingo nimeinyanyua lakini si wima kama mnara wa simu. Rangi nimebuni, kahawia na michirizi, kwa sababu rangi yake haipo katika mfupa wowote.

Likabaki jambo moja la kibao. Mnyama wa SII si mkubwa kuliko wote waliotoka Tendaguru. Uko mfupa mwembamba wa muundi, namba XV2, wenye urefu wa sentimita 134, na wa SII ni 119. Tofauti ya asilimia 13 kwa urefu ni ndogo machoni, lakini uzito hukua kwa urefu, upana na kina kwa pamoja, na asilimia 13 mara tatu hizo inakupa mnyama mzito kwa zaidi ya asilimia 40. Aliye na tani 23 anakuwa na 33. Mnyama huyo tunaye kwa muundi tu, na hakuna anayemuulizia bungeni.

Nilipeleka bango likiwa na maneno haya: "Uzito: tani 23 hadi 38." Mteja akapiga simu. Akasema watoto watauliza ni ngapi hasa, na mwalimu atakosa la kujibu. Nikamwambia mwalimu awaonyeshe tumbo. Kimya. Nikajitolea kumpa michoro miwili midogo pembeni ya kibao, mnyama kwa mbele, mmoja mwembamba na mmoja mnene, mifupa ileile ndani ya wote wawili, chini ya mmoja 23 na chini ya mwingine 38. Hiyo alikubali, tena bila kupunguza bei.

Wiki moja baadaye akatuma ujumbe. Walimu wamelipenda, ila mmoja ameuliza mbona nimesahau kuchora nyasi. Sikusahau. Enzi ya mnyama huyu nyasi zilikuwa hazijakuwepo duniani.